Kijivu Nyuma ya Mfupa

Usianze na mfupa, Callum.
Mfupa ni mweupe, unajitangaza;
kila mgeni humsalimu kwanza mwenye kanzu.
Anza na kijivu kilicho nyuma yake,
punguza mwanga kidogo,
hapo. Unaona?

Saa tisa usiku, Barnsley, theluji imekuwa tope,
na mzee Womersley amekalia kiti cha magurudumu
asichokihitaji, kofia mapajani,
kiwiko kimetuna kama yai la bata
aliloliiba akalificha ndani ya sweta.
Hakuanguka, anasema. Hakujigonga.
Aliamka nacho tu, Jumanne.

Tumempiga ya ubavu, mkono umekunjwa pembe mraba.
Soma nami polepole, kama barua ya deni.
Ncha ya kiwiko haina ufa.
Mafuta ya mbele yamelala palepale,
ya nyuma yamejificha, kama yapaswavyo,
basi ndani ya kiungo hamna maji.
Maji yako nje, katika kifuko
kilichotandikwa kati ya ngozi na mfupa,
kifuko ambacho kikiwa kizima
hakionekani, wala hakuna akijuaye.
Hamna hewa. Hamna kipande cha chuma.
Kuna mwiba mdogo wa mfupa
na punje tatu za chokaa:
hili si jambo la Jumanne.

Bibi yangu alikiita kisugudi,
na mpaka leo naisikia sugu
ikigugumia ndani ya neno.
Nikamwuliza mzee: huwa unaegemea nini?
Nilitarajia ataje mgodi,
miaka kumi na saba ya kutambaa kwenye makaa.
Akaigeuza kofia.
"Kitanda cha Maureen," akasema.
"Tangu Oktoba. Cha kuazima, kina reli ya chuma.
Akizinduka usiku hupenda kukuta uso."

Hilo halitoki kwenye picha.
Andika: uvimbe wa tishu laini nyuma ya kiwiko,
mfupa salama, kiungo hakina maji,
yaelekea ni kifuko kilichovimba.
Andika pia daktari aguse, atazame wekundu,
maana eksirei haijui joto.

Kisha nenda stoo ukamtafutie mto,
ule mdogo wa kijani, uliopasuka pembeni.
Hauko kwenye orodha ya mtu.