Mfuniko Wenye Namba Tano

Baba yangu, Primitivo Colque, hakuwahi kucheza mpira.
Kazi yake ilikuwa ngazi, kulabu na sanduku la vibao
katika uwanja wa Cochabamba:
nyavu zikitikisika, yeye hupanda, hutungua, hutundika.
Sifuri yetu ilichujuka kwa kushinda juani.
Moja ilikuwa na ufa. Mbili aliipaka rangi kila Pasaka.
Tano ililala chini kabisa, inang'aa kama ya dukani,
maana nani, kwetu sisi, alikuwa na haja na tano?

Jumapili ile ya Machi, sitini na tatu, Brazili dimbani.
Tukatangulia, wakasawazisha.
Tukatangulia tena, wakasawazisha tena.
Nne kwa nne, na baba miguu inamtetemeka ngazini.
Mimi, miaka tisa, niko chini nimekumbatia sanduku,
nikasikia uwanja ukinguruma kabla sijaona kitu,
kisha sauti yake:
"Casimira! Ile ya chini! Ile ya chini, mwanangu!"
Nikampandishia kwa mikono miwili
kama mtu atiaye mkate tanurini.

Tano kwa nne. Mabingwa wa Amerika Kusini.
Wakasema ni hewa, ni milima iliyowabana wageni vifua.
Mcheza kwao hutunzwa, baba alijibu,
na hewa, jamani, haijui kupiga shuti.

Ile tano hakuirudisha.
Mama aliifanya mfuniko wa sufuria ya mahindi,
na miaka ikapita juu ya mvuke:
tumetolewa,
tumetolewa mapema,
safari hii hata goli la kufutia machozi hatukupata.

Tisini na saba kombe likaja tena kwetu. Fainali, La Paz.
Baba, magoti mabovu, basi usiku kucha,
na mfuniko nimeufunga mgongoni kama kichanga.
Kumbe uwanja una taa, namba zinajiwakia zenyewe.
Hakuna ngazi. Hakuna wa kuitwa.
Moja kwa moja hadi mapumziko; mwishoni Wabrazili wale wale
wakaongeza mbili.
Baba alimaliza karanga zake, akakung'uta maganda,
akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Mwaka ishirini na nne nilikaa na kitukuu chake, Wayra,
mbele ya televisheni, Uruguay wakitufunga watakavyo.
Goli la tatu nikanyanyuka, nikaenda kuangalia sufuria.
Nikiwa jikoni nikamsikia akipiga kelele za furaha,
mtoto ambaye namba aijuayo vizuri ni moja tu:
"Bibi! Bibi, njoo! Wameweka mfuniko wetu kwenye televisheni!"

Nikaja nao mkononi, unadondosha maji sakafuni.
Tano kwa sifuri.
Ndiyo, nikamwambia, ni wenyewe.
Wameuazima.