Fomu ya Vitu Vilivyoopolewa

Kaa, Likwata. Maji yanayokuchuruzika yasikutie haya,
sakafu hii imezoea chumvi kuliko deki.
Kifaa chako kiweke pale, juu ya gunia,
na betri uitoe, kisije kikatulilia humu ndani:
ofisi nzima ni misumari.

Nisome kwanza masharti, ndiyo kazi yangu.
Kuzamia si kosa.
Kuzamia na kitambuzi cha chuma bila kibali ni kosa.
Kuona si kosa.
Kuona, ukanyamaza, ukarudi usiku na tindo, ni kosa.
Kilicholala chini miaka na miaka si chako,
si changu, si cha tajiri wako wa Shangani
aliyekukodishia mtungi wa hewa kwa ahadi ya nusu kwa nusu.
Ni cha wote. Na cha wote, wewe wajua,
hakikosi karatasi.

Unacheka. Haya, cheka.
Waniambia siku nne kilikulilia masikioni:
ya kwanza kopo la rangi,
ya pili mnyororo wa pikipiki,
ya tatu ukachimba mchanga hadi kwapani
ukaibuka na kifuniko cha sufuria,
ya nne, hiki.

Kipande cha risasi, mfano wa mchi wa kutwangia saumu,
kizito kuliko kimo chake.
Ulidhani fedha. Umekikwangua kwa kisu,
hapa, na hapa; makovu haya nitayaandika.
Likwata, hii ni bildi.
Waliitosa kwa kamba kuiuliza bahari kina chake.
Ipindue. Waona kishimo kitakoni?
Humo walipaka shahamu, mchanga wa chini unate,
nahodha auguse kwa ulimi, ajue yuko wapi.
Hakuwa na betri. Alikuwa na ulimi.

Na wewe kishimo umekiosha kwa sabuni.

Sikugombezi. Naandika.
Jina: Mfaume Likwata. Kazi: mzamia majongoo.
Kitu: bildi, moja.
Mahali ilipopatikana:
"Kule nje," wasema. Kule nje wapi?
Pima ngapi? Ililala ikielekea wapi?
Ilikuwa na jirani gani, ubao, kigae, mfupa?
"Kulikuwa giza, dada. Niliivuta tu."

Basi ndiyo sababu ya sheria nzima, wala si dhahabu.
Kiache, hesabu pima, njoo useme.
Kitu kikiwa pale kilipo ni neno ndani ya sentensi.
Ukikivuta ni ndoo iliyodondoka jikoni usiku:
nyumba yote imeshtuka, na hakuna ajuaye ni nini.

Nenda ukabadili nguo. Kifaa kinabaki, risiti hii hapa.

Ameondoka, ameacha nyayo mbichi hadi mlangoni.
Navuta droo ya chini kabisa,
ambako, chini ya pakiti ya korosho na barua za likizo,
kuna sarafu imefungwa kwenye pindo la kanga ya bibi.
Aliiokota bamvua moja akichokoa pweza,
akaniachia mimi; na mimi, miaka kumi na sita,
nawasomea watu masharti huku nimeikalia.

Fomu mpya.
Jina: Somoe Nanjota. Kazi: karani, Mikindani.
Kitu: sarafu, moja.
Mahali ilipopatikana:

Naandika kule.
Nafuta.