Safu ya Tano

Daftari la depo lina safu nne:
namba, jina la kifaa, mwaka kilipoingia, saini.
Nimelijaza miaka kumi na mmoja kwa kalamu ya bluu,
mimi Mwadi Kapend, mshika funguo
wa chumba namba kumi na nne,
chuo cha ufundi, njia ya Kasapa, Lubumbashi.

Ndani wamelala: kompyuta mia mbili na sita,
skrini za zamani zenye migongo mirefu,
printa iliyomeza cheti cha mtu mwaka wa mgomo
na haijakitapika hadi leo.
Betri zilizovimba nimezitenga kwenye ndoo ya mchanga;
Profesa Kyembe kasema zina hasira.

Juzi mhasibu kaja na tabasamu.
“Jumatatu wafadhili wanaleta mashine mpya.
Hizi zitoe. Kuna kijana ana mkokoteni.”
“Azipeleke wapi?”
“Huko.”

Huko napajua.
Huko ni Katuba, kando ya kijito,
vijana wanachoma nyaya kama mahindi,
ndimi za moto kijani,
kisha shaba inapimwa kwenye mzani wa muuza unga.
Mtoto wa dada yangu alirudi kutoka huko
na faranga elfu mbili na kikohozi.
Faranga ziliisha Jumamosi.

Mji wetu huu!
Shaba tunaichimba, tunaisindikiza kwa malori
mpaka Kasumbalesa, inavuka,
inarudi imevaa kioo na vitufe,
inazeeka mikononi mwetu,
nasi tunaichimba upya, safari hii kwa moto.
Na ule mlima mweusi wa masazo ya tanuri
umesimama pale tangu babu akiwa kibarua.
Siku walipomwaga toroli la kwanza
nani aliuliza, “Huko” ni wapi?

Sikutia saini.
Ufunguo niliutia kifuani, nikaenda nao nyumbani,
na usiku, chini ya taa ya chaji,
nikachora safu ya tano pembezoni mwa daftari,
mahali pembamba pasipotosha hata jina:
*Kinakwenda wapi?*

Wanafunzi wa Kyembe wamefufua thelathini na moja.
Nimeandika: Ruashi, shule ya sekondari.
Betri: barua kwa muuzaji, hajajibu.
Zilizobaki mia moja sabini na tano,
safu ni nyeupe, inanitazama.
Mhasibu anasema nimechafua kitabu cha chuo.

Kweli, mstari umepinda kidogo.
Rula ya plastiki ilikatika nikiwa katikati.
Vipande viwili viko mezani hapa.
Sijavitupa. Nitavitupa wapi?