Ulalo

Miaka thelathini na mitatu nakata vigae hapa Porto,
kona hadi kona,
na mkono wangu haujawahi kuuliza urefu wa ule mkato.
Sasa kila Jumanne usiku, juu ya kituo cha zimamoto,
nakaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa magoti ya mtoto.

Tulianza na sehemu. Theluthi, jumlisha robo.
Nikajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini,
nikapata mbili ya saba, nikatua kalamu kama aliyeshiba.
Mwalimu Ondina hakucheka. Aliuliza tu:
"Belmiro, ukila theluthi ya mkate, kisha ukaongeza robo,
utakuwa umekula pungufu ya theluthi?"
Masikio yakaniwaka.
"Tafuta asili inayowafaa wote wawili."
Kumi na mbili. Nne na tatu. Saba ya kumi na mbili.
Nikamkumbuka Deolinda wangu, mtu wa milimani,
nami wa bandarini: mwaka mzima wa ugomvi
kabla hatujapata kipimo kimoja cha chumvi.

Kisha ikaja x.
Mara tatu yake, toa tano, ni kumi na sita.
"Ukiongeza huku, ongeza na kule. Usipendelee."
Hilo nalijua. Ndoo mbili za saruji, ngazi nyembamba:
ukipunguza mkono wa kulia tu, utashuka kwa mgongo.
Ikatoka saba.
Saba! Nilitamani kumpigia mtu simu.

Halafu akachora mraba, kila upande moja,
akapitisha mstari wangu, ule ule, kona hadi kona.
"Namba gani ikijizidisha yenyewe inakuwa mbili?"
1.4, ikapungua.
1.5, ikazidi.
1.41, ikapungua. 1.414, ikapungua kidogo mno,
kama mtu anayesita mlangoni.
Zulmira wa duka la kufulia akauliza itaisha lini.
"Haiishi. Wala hairudii wimbo wake."
Mzee Casimiro akakataa: lazima iwe sehemu fulani!
"Haya, tuseme ni sehemu, imerahisishwa hadi mwisho."
Akaandika, akafuta, akaandika.
Juu ikawa shufwa. Chini nayo shufwa.
Basi bado yarahisishika, na tulikwisha apa kwamba haiwezi:
shahidi amejikana mwenyewe mbele ya hakimu.
Casimiro akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.

Nyumbani nimetoa kigae kwenye mkoba.
Kila upande sentimita kumi na nne.
Utepe unasema ulalo ni kumi na tisa nukta nane.
Uongo mdogo. Nimevalisha nusu ya mji huu kwa uongo huo,
makanisa, mabafu, stesheni,
na hakuna ukuta ulionishtaki.
Swali la sita limenishinda, nimeliacha wazi.
"Ni ngapi basi?" Deolinda anauliza kutoka kitandani.
"Kumi na tisa nukta nane, kasoro kitu."
"Kitu gani?"
Nazima taa.
Hicho, mke wangu, siku zote nimekiachia saruji.