Kumi na Moja

Walichana magunia ya saruji, wakayapindua upande wa ndani,
wakayatandaza sakafuni, darasa la nne zima,
wakaambiwa: choreni njia ya kuja shule.
Mimi nilikuwepo kwa bahati tu. Nilimleta anjenia wa komine
kwa pikipiki, akaniambia nisubiri,
nikasubiri mlangoni, helmeti mkononi.

Ansima alianza na mtaro, si barabara.
Alisema barabara unaifikia baadaye,
mtaro ndio unaokupokea mlangoni kwenu,
na mvua ikishuka kutoka Kadutu
huja na viatu vya watu, na sufuria,
na mara moja mbuzi.
Cirhuza alichora ngazi za udongo, akaruka moja.
Hiyo imekufa, akasema.
Nabintu hakuchora kitu. Alihesabu.
Toka jiwe la muuza makaa hadi ukuta wa zahanati,
mdogo wangu akiwa mgongoni, ni kumi na moja.
Lori likitokea konani, tukianza nalo pamoja,
lenyewe linafika kwenye saba.

Anjenia alikunjua mchoro wake.
Mistari myeupe, mishale,
na vijitu vyembamba vinavyovuka vimenyooka,
vyote virefu, vyote mikono mitupu.
Nabintu akauliza: huyu amembeba nani?
Kisha akauliza: macho yake yako huko juu, au huku kwetu?

Basi tukatoka.
Anjenia alipiga magoti kwenye kona ya Nyamugo,
suruali yake ya pasi ndani ya matope,
wauza ndizi wakacheka, wakadhani anaomba.
Nami nikapiga magoti kando yake, sijui kwa nini.
Miaka tisa nimeteremka pale nimezima injini
ili petroli inifikishe jioni,
na sikujua kwamba ukiwa na kimo
cha bidoni mbili zilizopandanishwa
kona haipo.
Kuna meza ya fundi redio,
kuna tairi za gari lililokufa zamani,
kuna makalio ya watu wazima,
halafu kuna ghafla.

Tuliporudi darasani nilitazama pikipiki zao.
Hazikuwa na watu juu. Zilikuwa na meno.
Moja ilifungwa utepe wa kijani kwenye usukani,
na pembeni, kwa mwandiko wa kulala:
hii haina sauti, inakuja kama paka.
Utepe ule aliufunga mke wangu, kwa baraka.

Sitasema mji umepona.
Meza ya fundi redio ilisogezwa hatua nne, baada ya ugomvi.
Tairi ziliondoka. Mawe yalipakwa chokaa,
tuta likajengwa, mvua ikala nusu yake,
watoto wakalirudishia kwa mikono.
Ngazi ya Cirhuza bado imekufa.

Mimi siku hizi nashuka injini ikiwaka.
Petroli inaniishia Nyawera, nasukuma, wenzangu wananizomea.
Jana Nabintu alifika penye jiwe, mdogo mgongoni.
Nilisimama kabla ya tuta, nikahesabu naye kimoyomoyo.
Aligusa ukuta kwenye kumi na tatu.

Yule mdogo amekua.
Nimegeuza pikipiki,
namtafuta anjenia.