Nipe Mji

Risasi niliyoijua mimi ni ile ya bunduki:
ina mlio, ina tundu, watu hulala chini.
Hii ya betri haikukohoa hata mara moja.

Nilikuwa nikiiyeyusha hapo nyuma, Obunga,
katika sufuria aliyoniachia mama,
mabamba ya betri kuukuu za Kibuye,
yakiiva yanakuwa kioo, najiona ndevu.
Kisha naimimina kwenye vishimo vya udongo:
vizamisho vya nyavu, fungu kwa mia mbili.
Ada ya shule ya Obura ilitoka humo.
Viatu vyake pia.

Yeye alivipanga vumbini kama ng'ombe,
huyu Rasi, huyu Kipara, huyu Mama Ndama.
Siku moja akalamba kidole, akaniambia,
"Baba, ng'ombe wangu ni watamu."
Nikacheka.
Kicheko hicho hunirudia saa nane za usiku.

Na alikuwa mtu wa vitendawili, huyo!
Povu la sabuni masikioni, bado yumo karaini:
"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nawala wageni wangu na macho yao."
Mamake, Turfosa, anajifanya kuwaza,
anakuna kichwa kwa mwiko.
"Nimeshindwa. Chukua Kisumu."
"Nilikwenda Kisumu, nikalakiwa kwa ngoma,
nikapewa kiti, nikapewa soda. Jibu ni omena!"

Darasa la pili, mwalimu akaniita.
Mtoto anaanza neno, alisema, halimalizi.
Anapiga wenzake, halafu anawauliza wanalilia nini.
Nilimchapa. Naliandika hili pia:
nilimchapa.

Daktari Khavere alimtoa damu, akasoma karatasi,
akaniangalia mikono, si uso.
Akageuza bahasha, akachora mbegu mbili zenye mizizi.
"Chembe za ubongo," akasema, "hazigusani.
Kati yake pana upenyo, mwembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu.
Moja ikitaka kusema, kalsiamu huingia mlangoni,
vifuko hupasuka, ujumbe humwagika,
unavuka, unapokelewa ng'ambo.
Mtoto hujifunza hivyo, kwa kuitwa na kuitika."

Kitendawili. Tega.
Hilo nililielewa bila kalamu.

"Sasa risasi," akasema, "huvaa sare ya kalsiamu.
Bawabu haoni tofauti.
Ikishaingia hupayuka pasipo na habari,
na habari yenyewe ikifika, imekaa njiani.
Ng'ambo nako imeziba tundu la sikio."

Nikauliza kama inatoka.
Alipiga bahasha kidogo kwa kalamu.
Ya damuni hupungua, alisema. Ya mifupani hukawia.
Na yale ambayo hayakusemwa wakati wake,
mengine yatasemwa kwa njia ndefu, mengine
hakumaliza.
Hata yeye.

Sufuria ya mama niliifunga guniani, nikaipeleka alikosema.
Turfosa alikwangua udongo wa nyuma, akaukusanya, akamwaga mpya.
Nguo zangu za kazi hazivuki tena kizingiti,
na kazi yenyewe, sasa nabeba mchanga wa watu.
Maziwa, mboga, omena na mifupa yake,
kalsiamu halisi, ije igombee mlango wake.

Jana mvua ilipiga mabati. Obura mezani, miaka minane,
sahani mbele yake, kijiko kimeelea.
"Kitendawili," akasema.
Turfosa alisimamisha mkono juu ya jiko.
"Tega!" tukaitika pamoja, kwa sauti kubwa mno.

"Nawala…"
Mvua.
"Nawala…"

Najua nilichoambiwa: usimkimbilie, usimmalizie.
Nikahesabu mabati ishirini na mawili.
Nikasema, "Nimeshindwa, mwanangu. Chukua mji.
Chukua Kisumu, na Kondele yake, na taa zake zote."

Akaokota omena mmoja kwa mkia,
akamsogeza karibu na uso,
wakatazamana.