Nyota Tatu, Kimilili

Babu alivuka Lwakhakha usiku, mwaka ule
serikali ya ng'ambo ilipopiga sala yake marufuku.
Cherehani kichwani, kama fundi anayehama duka,
na ndani ya kisanduku chake, chini ya bobini na sindano butu,
kitabu kinachosomwa kutoka kulia.
Askari alifungua, akafunga.
"Nyuzi tu," alisema.
"Nyuzi tu," Babu akaitikia.

Hapa Kimilili walituita Wasabato.
Ilikuwa rahisi: Jumamosi duka limefungwa,
nguruwe hatuli, kuku tunachinja wenyewe.
Mama Nasambu wa maziwa aliuliza mara moja tu:
"Wasabato gani hawa, wasio na kanisa?"
Bibi akamwongezea sukari kwenye chai.

Ijumaa, mishumaa miwili, ile myembamba,
ilisimama juu ya vifuniko vya soda.
Bibi Nambozo alifunika macho
kwa viganja vinavyonuka vitunguu.
Babu aliimba Kiganda, kisha maneno mengine
ambayo alijua sauti zake zote na nusu ya maana.
Mimi nilikuwa nachungulia ugali wa wimbi.

Shuleni sikulitaja jina letu.
Mwalimu Wafubwa alisoma kwa sauti nzito:
*Wayahudi wakapiga kelele, wakisema, msulubishe*,
nami nikaangalia viatu vyangu
kana kwamba nilikuwepo.

Kisha ukaja mwaka wa shufwa, Agosti,
rika langu likavaa njuga mikononi.
Mtoni, tukioga, Makari akanionyesha kidole:
"Huyu ameshapigwa kisu! Lini?
Nani alimwona akisimama bila kutetemeka?"
Sikuwa na jibu. Siku ya nane ya maisha yangu
ilishuhudiwa na wazee wawili, wote marehemu,
na mtoto aliyelia. Na pale kwetu
kulia ndiko aibu yenyewe.

"Ulilipa kabla hujajua bei," Babu alisema,
macho hayakutoka kwenye pindo la suruali.
Sikuridhika.
Mpaka leo sijaridhika.

Situma alikuja kutualika Jumamosi, alasiri,
njuga zikilia, umati nyuma yake, filimbi, vumbi.
Kuku wa Bibi walirukia paa la ghala.
Babu alikaa, mikono juu ya magoti.
"Mwanangu, leo mkono huu haushiki pesa.
Nyota tatu zikitoka, utanikuta hapa."
Shangazi yake Situma akabetua mdomo:
"Ubahili nao umepata dini."
Watu wakacheka. Nikatamani ardhi inimeze.
Lakini Situma alishusha mikono,
njuga zikanyamaza.
"Tutangoja," alisema.

Wakangoja wakiimba.
Mlima Elgon ukatuletea mawingu yake yote.
Ya kwanza ilitokea juu ya kinu cha posho,
ya pili, upande wa Kamukuywa.
Ya tatu ikagoma.
"Ile pale!" "Tochi hiyo, mjinga."
Wazee walisimama shingo juu, watoto mabegani,
kijiji kizima kikitafuta mwisho wa Sabato yetu
bila kujua jina lake.
"Tatu!" Shangazi huyo huyo, sauti kama mbiu.
Babu, mwenye mtoto wa jicho, hakuona kitu.
"Una hakika?"
"Naapa, mzee."
Akalipokea neno lake.
Akaingia ndani, akatoka na noti ya ishirini
na jogoo mwekundu tuliyekuwa tunamtegemea.

Alfajiri Situma alisimama kama nguzo ya ua.
Mimi nilikuwa nyuma ya umati, mikono mfukoni.
Hakuna aliyenisogeza mbele.
Hakuna aliyenifukuza.

Cherehani sasa iko kwangu, Bungoma. Haishoni.
Jumamosi giza likiingia, Situma hunipigia simu:
"Zimefika ngapi huko?"
Mara nyingi kuna mawingu.
Namwambia mbili.